Maji ya Mwisho Yatatoka Wapi?

Nyinyi vijana mnaomwaga sakafu za nyumba mpya huku kwetu Gitega, nawaona. Magoti yangu yamekataa kazi lakini macho hayajakataa, na tangu mji wetu ufanywe mji mkuu, nikikaa mlangoni kwangu naona ujenzi kila upande. Nawaona mnavyopanga mawe, mnavyovuta kamba. Halafu anakuja mmoja, simu sikioni, anachora duara kwenye mchanga kwa ncha ya kiatu, anasema, "Choo, hapa." Kwa ncha ya kiatu! Akigeuka tu, mwenzake anapita na toroli juu ya lile duara, na choo kimeshahama. Nyumba ina bati jipya, ina madirisha ya vioo, na mahali pa choo chake pamechaguliwa na gurudumu.

Nacheka kidogo, halafu namkumbuka Mzee Saidi.

Mi sikusoma sana. Shule niliiacha kule kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa bado naandika jina langu kwa shida, na hizi herufi mnazoziona zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Mtanivumilia. Na nikipotea njia katikati ya maneno, nisubirini, huwa narudi.

Tuliporudi Burundi, sisi tuliokulia Tanzania, tuliitwa rapatriye. Mashamba ya wazee wetu yalikuwa na watu wengine, kesi zilikuwa ndefu kuliko mvua, basi mi nikashuka Muyinga mjini kutafuta kazi ya mikono. Kule kambini niliwahi kubeba maji ya mafundi wa uashi, kwa hiyo nilidhani najua kujenga. Mzee Saidi alikuwa fundi bomba wa mtaa wa Waislamu, nyuma ya soko. Mtu mfupi, kofia ya uzi kichwani, penseli nyuma ya sikio, na kikohozi ambacho tulikuwa tunakijua kama watu wanavyojua mlio wa pikipiki ya jirani. Alinitazama kuanzia miguuni.

"We iko rapatriye?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kiswahili yako ni ya redio. Utakuwa unaitwa Mtanzania. Bon. Chukua ile ndoo, ipindue, ukae juu."

Nikakaa. Nilidhani ananionea huruma, nimetembea mbali. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

"Nyoosha mkono ya kulia. Unafika wapi? Hapo. Sasa simama. Kichwa imegonga kitu? Magoti imegonga ukuta? Donc choo itakaa hapa, na bomba ya maji itatoka pale mkono wako imefika. Mi sipimi nyumba, napima mwenye atakaa ndani."

Ndivyo alivyofanya kila mahali. Kabla ya zege, ambalo wao waliita beto, mwenye nyumba alikalishwa kwenye ndoo. Kule Gashoho, karibu na Muyinga, kulikuwa na mfanyabiashara wa maharage, mtu wa tumbo, ambaye alikataa katakata kukaa kwenye ndoo mbele ya wake za majirani. Akakaa mke wake. Mke alikuwa mwembamba kama ufagio. Choo kikatoka kizuri sana kwa mke, na yule bwana, tunavyosikia, anaingia kwa ubavu mpaka leo.

Na kwa nyumba za Waislamu kulikuwa na jambo la kibla. Mtu anayejisaidia hatakiwi kuelekea kibla wala kuipa mgongo, na kibla kwetu ni kaskazini, imeegemea kidogo upande wa jua linapotoka. Mi Mkristo, sikujua. Siku ya kwanza niliweka ndoo vizuri kabisa, inatazama kibla moja kwa moja. Mzee alishika ndoo nami nikiwa juu yake, akanizungusha robo duara kama kifuniko cha chupa, akaendelea kupiga misumari.

Sasa shikeni hili, maana ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo. Alama ya chini inakufa. Chaki inafutika, mchanga unakanyagwa, kijiti kinang'olewa. Watu wa zege wakifika ni kama ng'ombe wamefika. Kwa hiyo alama iwekwe ukutani, juu, mahali zege halifiki. Piga msumari ukuta huu na msumari ukuta wa pili unaotazamana nao, vuta kamba. Fanya hivyo tena kwa kuta mbili nyingine. Pale kamba zinapokatana, teremsha timazi, ule uzi wenye chuma nchani, na pale timazi linapogusa ndipo katikati ya bomba lako. Ukimaliza, toa kamba, acha misumari. Hata sakafu nzima ikivurugwa, misumari inakumbuka. Na mdomo wa bomba uzibe kwa karatasi ya mfuko wa simenti na jani kavu la mgomba, ufunge kwa mpira. Buraza, huku upande wetu wa Gitega, niliitwa kwenye nyumba ambayo bomba liliachwa wazi. Lilikuwa limemeza zege mpaka kooni. Tulivunja sakafu ya jana. Mwenye nyumba alisimama anatutazama, hakutukana hata kidogo, na hiyo ni mbaya kuliko matusi.

Narudi.

Mzee Saidi alikuwa na swali moja la mwisho ambalo watu walilichukia. Choo kimeshawekewa alama, sinki limewekewa, mahali pa kuogea pamewekewa. Anaweka penseli sikioni, anauliza, "Na maji ya mwisho itatoka wapi?"

"Maji gani ya mwisho, Mzee?"

"Ya mwisho."

Wakielewa, uso unabadilika. Yule bwana wa maharage alipiga ukelele. "Sijaweka hata mlango, we iko unanichuria kifo! Toka na ndoo yako!" Alitufukuza, halafu akatuita jioni kwa sababu fundi mwingine hakuwepo.

Mi nilidhani ni tabia ya mzee kupenda maneno mazito. Sikujua chanzo chake mpaka Mama Asha aliponieleza. Mama Asha ndiye aliyekuwa mwoshaji wa wanawake pale mtaani. Akifa mwanamke Mwislamu, anaitwa yeye.

Wenzangu Wakristo pengine hamjui, kwa hiyo naeleza. Kwa Waislamu maiti huoshwa kabla ya kuvikwa sanda, na zamani alioshwa nyumbani kwake. Walichimba chumbani handaki dogo linaloitwa ufuo, wakaweka kitanda cha kamba juu yake, na maji yote yaliyompita marehemu yaliingia ardhini pale pale, ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyeyaona. Baadaye ufuo ulifukiwa, sakafu ya udongo ikapigwa tena, basi. Maji hayo ni siri ya mtu. Sakafu ya udongo ilikubali jambo hilo.

Mzee Saidi alikuwa wa kwanza katika njia yao kumwaga sakafu ya simenti. Aliimwaga mwenyewe, akaipaka rangi nyekundu, akaisugua mpaka ukiingia unaona miguu yako chini. Watu walivua viatu hata bila kuambiwa. Mke wake, Bi Mwajuma, aliifuta kila asubuhi. Halafu Bi Mwajuma akafa.

"Tuliingia na jembe," Mama Asha aliniambia. "Tumezoea, unaingia na jembe. Nikapiga. Jembe ikaruka, ikarudi kwangu. Nikapiga tena. Ile sauti, Mtanzania, wanaume wote nje waliisikia."

Wakamwosha hivyo hivyo, maji wakiyapokea kwa mabeseni. Mabeseni yakajaa, yakamwagika. Sakafu ya Mzee Saidi ilikuwa na mteremko mzuri, maana alikuwa fundi mzuri, na mteremko ulielekea mlangoni. Maji yakapita chini ya mlango, yakavuka uani, yakaingia kwenye njia. Ilikuwa siku ya soko. Watu wakawa wanaruka. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mihogo, mgeni, hajui kitu, aliinua kitenge chake akaruka, akasema kwa sauti ya mzaha, "Nani anafua leo?"

Mzee Saidi alikuwa amekaa pale nje kwenye mkeka na wanaume wenzake. Aliyaona maji, akamsikia yule mwanamke.

Tangu siku hiyo akawa anauliza.

Sasa miaka ikapita, kikohozi kikamla. Alikuwa akitembea kutoka nyumbani mpaka msikitini anapumzika njiani, anajifanya anakagua kuta za watu. Wakati huo huo wazee wa msikiti wakakubaliana kujenga chumba cha kuoshea maiti, kwa sababu sasa kila nyumba ina simenti na ufuo hauchimbiki tena. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Idrisa, mwuza vitenge, mtu mwenye haraka lakini moyo wake safi. Mzee akaniita.

"Mtanzania, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nataka nione sakafu yake imekauka kabla yangu."

Mi nikasema maneno yale watu husema, kwamba atapona. Akaniangalia kama mtu anayeangalia bomba lililokatwa vibaya.

Ugomvi ulianza mapema. Kiwanja cha chumba hicho, kando ya msikiti, kiliteremka kuelekea njia. Idrisa alitaka bomba la maji machafu litokee mbele, kwenye mtaro wa njia. Bomba fupi, kazi nyepesi, hakuna cha kubishana. Mzee alitaka litokee nyuma, kwenye shimo la mawe lililofunikwa, na nyuma kulikuwa juu. Maana yake ni kuinua sakafu nzima kwa mawe, tabaka juu ya tabaka, ili maji yakubali kwenda nyuma.

"Maji inafuata mteremko, Mzee," Idrisa alisema. "Hata we ulitufundisha."

"Ndiyo. Kwa hiyo tubadilishe mteremko."

"Mawe yote hayo nani atabeba?"

"We una mabega mawili, nayaona iko inabeba mashati tu."

Watu wakacheka, na Idrisa naye akacheka, na kesho yake, kwa haki yake niseme, alibeba mawe kuliko sisi wote.

Tuliweka alama pamoja, Mzee na mi. Tulipima kitanda cha kuoshea, ambacho kingejengwa kwa zege, kichwa juu kidogo, miguu chini. Tundu la maji lilitakiwa kuwa sakafuni chini ya upande wa miguu. Misumari minne ukutani, kamba, timazi. Mzee aliziba mdomo wa bomba yeye mwenyewe, akachukua muda mrefu sana na sikumsaidia, maana hakuomba.

Siku ya kumwaga zege watu walijaa. Wanawake na mabeseni ya kokoto, vijana na matoroli, wengine Wakristo majirani, kazi kama hiyo haina dini. Mzee alikuwa amelala kwenye baraza ya msikiti, amefunikwa blanketi. Mi nilikuwa kwenye mchanganyiko nje, napima maji. Niliporudi ndani, zege la kwanza limeshakaribia mlangoni, nikatazama lile bomba. Limesimama wima, zuri, limezibwa, lakini si mahali pake. Toroli lilikuwa limeligonga likang'oka, na mtu mwema, hata sijui nani, alilirudisha kwa macho.

"Simameni!" nikasema.

"Mtanzania, zege halilali!" Idrisa akanijibu. Msemo huo nilimfundisha mimi, ni wa Tanzania, na siku hiyo alinirudishia. "Bomba si hii hapa? Limesimama. Mwageni."

"Limehama. Nileteeni kamba, niangalie misumari."

"Limehama kidole!"

"Hata mkono mzima limehama."

"Sasa mkono mzima ndiyo nini, tundu ni tundu! Maji itaenda!"

Na wenye mabeseni wanasukumana, simenti inaanza kukaza, kila mtu ana neno. Hapo nikasikia kikohozi. Mzee alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Watu wakampisha. Alitembea juu ya mawe mpaka mahali pa kitanda. Akavua kofia yake, akampa Idrisa aishike. Kisha akalala chini. Juu ya yale mawe, chali, miguu pamoja, mikono ubavuni, akafumba macho.

"Haya," alisema. "Mnioshe."

Hakuna beseni lililosogea.

Mama Asha ndiye aliyetoka kwenye kundi. Kwa kawaida yeye huosha wanawake, lakini siku hiyo alijua anachoitiwa. Akaweka beseni lake chini, akasimama upande wa kulia wa Mzee, kwa sababu kuosha huanzia kulia, akainama kama anachota maji.

"Natoa maji hapa," alisema polepole, akipitisha mkono hewani juu ya kichwa, juu ya bega, bila kumgusa. "Yanashuka hapa. Yanafika miguuni."

"Usinitekenye," Mzee akasema, macho yamefumbwa.

"Saidi, maiti haisemi."

"Mi maiti ya fundi. Lazima nisimamie."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mama Asha hakucheka. Alikuwa anatazama chini, kati ya miguu yake mwenyewe. Bomba lilikuwa pale. Limekaa mahali anaposimama mwoshaji.

"Idrisa," alisema, "mi nitakuwa nimesimama ndani yake. Maji yote itanipitia miguuni, na tundu nimeikanyaga. Ikizidi, inatoka nje kwa mlango."

Idrisa alikuwa ameshika ile kofia kwa mikono miwili. Alitazama mlango, akatazama njia ng'ambo ya mlango, ambapo watu walikuwa wanapita. Nadhani na yeye aliikumbuka siku ya Bi Mwajuma. Alikuwa kijana wakati huo, lakini alikuwepo.

"Vuta kamba," akaniambia.

Tukavuta kamba kwenye misumari, mimi upande huu, Idrisa upande ule. Nikateremsha timazi. Liliyumba, likatulia, likagusa jiwe karibu na visigino vya Mzee Saidi. Tukachimbua, tukaunga bomba upya, tukalibana kwa mawe pande zote. Mzee hakuinuka mpaka tulipomaliza. Alisema kulala pale kunampumzisha mgongo. Zege la kwanza lilikuwa limeanza kuwa gumu, halikufaa tena kwa sakafu, basi tukalitumia kwa ngazi ya mlango. Mkifika Muyinga mtaiona ile ngazi, ina sura mbaya, imepinda upande mmoja. Msiirekebishe.

Sakafu ilikauka. Mzee aliiona. Aliletwa akiwa ameegemea mabega yetu, akamwaga kopo moja la maji pale kichwani pa kitanda, tukayatazama wote yanateremka, yanazunguka tundu, yanaingia. "Bon," alisema. Sikuwahi kumsikia akisifu kazi kwa neno refu kuliko hilo.

Mvua zilipoanza, akafa.

Wakamleta kwenye kile chumba. Hakuna aliyewahi kuoshwa mle kabla yake. Mi sikuingia, si mahali pangu, na sikuomba. Idrisa aliingia na ndugu wawili wa marehemu. Wanaume walikaa mbele na mkeka wao, nami nilitakiwa kukaa nao, ila miguu ilinipeleka nyuma, kwenye shimo. Tulikuwa tumelifunika kwa mawe bapa, na karibu na mdomo wa bomba kuna mwanya. Nikachuchumaa hapo. Magoti yalikuwa bado yananitii.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Nikaanza kufikiri mambo ya kijinga, kwamba labda tulisahau kutoa karatasi mdomoni mwa bomba, ingawa niliitoa mwenyewe. Halafu nikayasikia. Kwanza kama mtu anayekoroma mbali, kisha yakafika, yakaanguka kwenye mawe chini, taratibu. Yakanyamaza. Yakaja tena. Yakanyamaza. Mara ya mwisho yalikuja na harufu ya kafuri. Nilimuaga hapo, kwa Kirundi, maana Kiswahili changu ni cha redio.

Kisha nikazunguka mbele. Mlango ulifunguliwa, Idrisa akatoka, mikono ya kanzu imelowa mpaka kwenye viwiko, uso pia. Aliinua mguu mmoja kidogo kutoka kwenye ile ngazi iliyopinda, akanionyesha unyayo.

Ulikuwa mkavu.

Ilikuwa siku ya soko tena, nayo haikupangwa na mtu. Pale njiani alikuwa anapita mwanamke na mzigo wa mihogo kichwani, anaongea na mwenzake juu ya bei, sauti juu kabisa. Alipofika mbele ya mlango akaona watu wa msiba, akanyamaza, akainamisha kichwa kwa heshima. Akaendelea kutembea, hatua zile zile. Hakuruka.